Mistari Tisa Isiyotaka Kukaa Sawa

Nasra alikuwa mtu wa kununa kwa sababu ya nafasi. Si nafasi ya kazi wala ya kukaa, bali nafasi kati ya mstari na mstari. Akipewa kadi ya harusi ambayo jina la bwana harusi limepanda juu kidogo kuliko la bibi harusi, haulizi ukumbi uko wapi, anauliza nani kaipanga. Alishawahi kubandua tangazo la kikao ukutani kwa mjumbe wa mtaa, pale pale Kihonda, akaenda kulipanga upya na kulirudisha, na mjumbe hajui mpaka leo. Watu wa namna hiyo wanachosha kuishi nao, lakini mwenye duka la uchapaji ndio hao anaowatafuta. Ignas alikuwa amemweka Nasra kwenye kompyuta ya dirishani, huu mwaka wa saba, na hajathubutu kumhamisha.

Kwa hiyo Jumatano ile asubuhi, aliposhindwa na kitabu cha ukoo wake mwenyewe, Nasra aliona aibu hata kumtazama Ignas usoni.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kurasa arobaini. Kiliandikwa na mjomba wake Twalibu, mwalimu mstaafu, aliyekaa miaka mitatu akipanda na kushuka milima ya Uluguru, leo Kinole, kesho Tawa, keshokutwa Matombo, akiwauliza wazee nani kamzaa nani. Kwa Waluguru ukoo, au lukolo kama wenyewe wanavyouita, hufuata ziwa la mama. Hivyo kile kilikuwa kitabu cha wanawake: bibi aliyemzaa bibi aliyemzaa mama. Wanaume walitajwa pembeni, na baadhi yao walishaanza kulalamika kabla hakijachapwa. Twalibu alikiandika na kukipanga peke yake kwenye kompyuta mpakato yake, akakiweka kwenye flashi, na kabla hajakileta dukani presha ikamwangusha. Miezi minne ilikuwa imepita tangu wamzike.

Sasa Jumapili iliyokuwa inakuja ukoo mzima ulikuwa unakutana Kinole. Mjomba Sufiani, kaka mkubwa wa Twalibu na mkuu wa ukoo, angekisoma kitabu mbele ya watu, kisha kwa kukifuata angekabidhi mteremko wa juu, ule wenye midalasini na pilipili manga. Desturi yao ni kwamba ardhi hushuka kwa uzao wa dada mkubwa, na dada mkubwa akiwa hana uzao, ndipo huenda kwa mdogo. Katika kizazi cha bibi zao kitabu kilimtaja dada mmoja tu, Furaha binti Maneno. Katika uzao wa Furaha alikuwa amebaki mwanamke mmoja wa kupokea, naye ni Chausiku, mama yake Nasra.

Kwa Chausiku haya hayakuwa mambo ya sherehe. Alipofiwa na mume, ndugu wa mume walichukua chao kwa adabu zote, wakamwachia vyombo na pole. Tangu hapo, miaka kumi na minne, alikuwa mtu wa kupanga. Alishahama vyumba vinne, na hiki cha sasa kilipakana na mashine ya kusaga, ukinywa chai unainywa na pumba. Alikuwa na miaka sitini. Chini ya kitanda chake kulikuwa na jembe jipya, halijatiwa mpini, na Nasra hakuhitaji kuuliza ni la nini.

Jumatatu Nasra alikuwa amempelekea mjomba Sufiani nakala moja ya kuangalia. Simu yake ilikuja siku ya pili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kitabu tumekiona, ni kizuri. Lakini mbona mistari mingine imeachana kama meno yangu? Hapa kuna mwanya, hapa imebanana, hapa mwanya tena. Wazee wamecheka. Mimi sitaki kumsoma Twalibu huku watu wanacheka."

"Nitairekebisha leo hii mjomba."

"Wewe si ndiye fundi wao?"

Lile neno la mwisho lilimchoma. Hakuiona ile mianya kabla hajachapa kwa sababu kitabu cha mjomba Twalibu alikuwa akikifungua macho yakiwa na machozi, akakipeleka kwenye printa kama kilivyo. Lilikuwa kosa la mwanafunzi.

Alianza kwa njia ya kawaida. Alibadili mtindo wa kitabu chote kwa mpigo mmoja, mistari yote iachane sawasawa. Mistari mia tisa na kitu ikatii. Mistari tisa ikakataa. Alipitia kurasa moja moja na kuihesabu kwa kalamu: miwili ukurasa wa kumi na moja, mmoja wa kumi na mbili, mitatu wa kumi na tano, na mingine mitatu mbele huko. Kila mmoja ulikuwa umesukuma uliofuata, ukabaki mwanya mweupe wa upana wa punje ya mchele.

Nasra alijua kinacholeta maradhi hayo. Katika programu ile mstari humtii mkubwa wa herufi zake. Herufi moja tu, hata nukta, ikiwa imewekewa nafasi kubwa kuliko wenzake, mstari mzima husogea kuipisha. Kwa hiyo mahali fulani katika kila mstari kulikuwa na kijiherufi chenye kiburi. Angeweza kuilazimisha yote kwa nguvu, akaimaliza kazi kwa dakika mbili na kwenda kunywa chai, na wapangaji wengi wangefanya hivyo. Yeye hakuwa mtu wa kufunika kidonda. Alitaka kuiona hiyo herufi.

Akaweka kishale mwisho wa mstari wa kwanza mkaidi, mbele ya nukta, akabonyeza kitufe cha kwenda kulia. Kishale kilitakiwa kushuka mstari unaofuata. Hakikushuka. Akabonyeza tena. Kikabaki pale pale kinapepesa. Akabonyeza mara kumi, mara ishirini, mara arobaini, mara sitini, na kishale kama kimegandishwa, halafu ghafla kikaruka kwenda chini.

Alijikuta ameacha kutafuna bigijii. Kishale hakisimami mahali pasipo na kitu. Kila alipobonyeza kilikuwa kinapita herufi moja, ila macho yake hayakuiona. Pale baada ya nukta palikuwa na maneno, yamefanywa madogo kuliko mbegu ya mchicha na kupakwa rangi nyeupe ya karatasi. Aliyeyapunguza alipunguza ukubwa wa herufi, akasahau kuipunguza nafasi iliyokuwa imewekwa kwa mkono. Ndiyo hiyo iliyokuwa inasukuma.

Akayanakili, akayabandika kwenye ukurasa mtupu, akayapa wino mweusi na ukubwa wa kusomeka.

"Dada yake mkubwa, Pili binti Maneno. Aliolewa Kimamba, mkongeni."

Nasra aliusoma mstari ule mara tatu. Tangu azaliwe hajawahi kusikia kwamba Furaha binti Maneno alikuwa na dada, achilia mbali dada mkubwa. Akaenda kwenye mstari wa pili, mikono inafanya kazi yenyewe, kichwa kimebaki nyuma.

"Pili alimzaa Tatu."

Wa tatu: "Tatu alirudi Kinole na watoto, mumewe alipofariki. Wazee waliomjua Pili walikwisha kufa. Watoto walitajwa kwa jina la upande wa baba yao, wakapokewa kama wageni."

Wa nne mpaka wa nane yalikuwa majina ya wazee aliowahoji, mmoja mmoja, na mahali alipowakuta. Mjomba Twalibu alikuwa mwalimu hata katika kuficha, hakuacha kitu bila ushahidi. Wa tisa ulikuwa mfupi.

"Tatu alimzaa Shadya. Yupo hai. Analima mteremko wa juu."

Shadya alikuwa Mama Abasi! Mama Abasi wa Kinole, aliyekuwa akimpa mafenesi utotoni likizo zote za shule, aliyekuwa akilima ule mteremko kwa hisani ya mjomba Sufiani, na kila mavuno hubeba mkungu wa ndizi kichwani akaupeleka kwa mjomba kushukuru kupewa mahali pa kulima. Mgeni. Ukoo mzima ulimwita mgeni wetu, tena kwa mapenzi. Kumbe huyo mgeni ndiye mwenye nyumba.

"Nasra, umeona nyoka?" Ignas aliuliza kutoka kwenye mashine ya kukatia karatasi.

Nasra alikuwa akitazama majina yale meusi na kufanya hesabu ambayo hata mtoto angeiweza: uzao wa dada mkubwa upo, kwa hiyo mteremko si wa mama yake. Si wa mama yake hata kidogo.

Halafu hasira ikaja, na mtu wa kwanza kumfikia alikuwa mjomba Sufiani. Nani mwingine? Ndiye mkuu wa ukoo, ndiye aliyekuwa akipokea mikungu ya ndizi. Bila shaka alimlazimisha mdogo wake ayafute majina, na Twalibu kwa woga akayapaka chokaa. Nasra alizima kioo, akamwambia Ignas anatoka kidogo, akashika njia ya kwenda kwa mama yake, maana hata habari mbaya ya namna ile ilikuwa ni haki ya mama kuisikia kwanza.

Alimkuta Chausiku amekaa kizingitini anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Wamekufukuza?"

"Mama, kile kitabu cha mjomba kina majina yamefichwa ndani, ndiyo yanayosukuma mistari."

Mkono wa Chausiku ulisimama juu ya ungo.

"Haiwezekani," alisema. "Twalibu aliniapia kwamba amefuta."

Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma ng'ambo ya ukuta. Nasra alikuwa amefungua mdomo aendelee kueleza, akabaki hivyo hivyo, mdomo wazi. Hakuwa ametaja jina la mtu yeyote. Hakuwa amesema ni majina gani wala yako ukurasa gani. Mama yake naye alikuwa ameshalisikia neno lililomtoka, na uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Mama. Ni wewe?"

Chausiku aliweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje moja.

"Alikuja hapa," alisema, "akakaa hapo hapo uliposimama. Akaniambia, dada, nimegundua jambo, bado sijamwambia kaka Sufiani, nimeona nianze na wewe kwa sababu linakugusa. Akanieleza habari ya Pili. Mimi nikamwambia afute."

"Ukamwambia afute."

"Nikamwomba. Nililia, Nasra. Twalibu hakuwa ameniona nalia tangu tumzike baba yako. Akanywa maji, akaondoka. Baada ya wiki akapiga simu, akasema nimefuta, usiniulize tena. Na mimi sikumwuliza tena mpaka amekufa."

Kwa hiyo hakufuta, Nasra aliwaza. Mwalimu mzima, mkono umemkataa, akaenda kufinyanga uongo wa katikati, usiomdhulumu dada huyu wala yule, ilimradi tu yeye asisumbuliwe mpaka afe. Alitaka kumkasirikia mjomba, akashindwa. Alitaka kumkasirikia mama, na hapo alishangaa zaidi, maana hata hilo alishindwa.

"Mama Abasi ni dada yako," alisema.

"Najua."

"Kwangu mimi ni mama mkubwa."

"Si nimesema najua!" Chausiku alinyanyua sauti, kisha akaangalia barabarani na kuishusha. "Shadya ana watoto wanne wa kiume, wote wana nguvu, wote wana vijumba vyao, akitoka kwa huyu anaingia kwa yule. Mimi nina wewe na huu ungo. Wewe mwenyewe unakaa chumba kimoja. Nikiugua hapa nitauguzwa na nani, na mashine? Umri huu nihame mara ngapi tena? Nataka kufa mahali ambapo mtu hatagonga mlango kuniambia nimpishe."

"Yeye je, Jumapili si ataambiwa apishe?"

Chausiku aliuchukua ungo, akauweka magotini, akaanza kuchambua upya mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Futa mwanangu," alisema bila kumtazama. "Jana uliniambia mjomba wako analalamikia mistari. Ukifuta itakaa sawa, au haitakaa?"

"Itakaa."

"Basi."

Nasra alirudi dukani kwa miguu, jua la saa saba likimpiga utosini, na hakuna alichokiona njiani. Akakaa kwenye kiti chake, akaufunga ule ukurasa wa majina meusi bila kuuhifadhi. Akafungua flashi ya mjomba, nakala pekee iliyokuwepo duniani, kwani ile kompyuta mpakato watoto wake walishaifuta na kuiuza. Akaenda ukurasa wa kumi na moja, akaweka kishale mbele ya nukta, akakokota yale yasiyoonekana, akafuta.

Mstari uliofuata ukapanda juu, ukakaa mahali pake.

Akafanya hivyo mara tisa. Mistari tisa ikapanda. Hakuna kilichopiga kelele, kompyuta haikuuliza kama ana hakika, na alipohifadhi faili na kulifunga, hata njia ya kurudi nyuma ilifungwa nalo. Kilichomtisha ni wepesi wake. Alidhani jambo kama lile lingehitaji moyo mgumu, kumbe lilihitaji kidole kimoja tu. Akatazama kurasa zile, zimenyooka kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, akageuza uso dirishani.

"Hapo sasa!" Ignas alisema akichungulia begani kwake. "Ndiye Nasra ninayemjua."

Jumapili Kinole ukungu uliondoka mapema. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani kwa mjomba Sufiani, mapilau yanatokota nyuma ya nyumba, na watu wa ukoo wameshuka kutoka pande zote, wengine hawajaonana tangu msiba. Mjomba alikisoma kitabu amesimama, miwani ya kuazima puani. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwa Furaha binti Maneno alikwenda moja kwa moja, Furaha alimzaa fulani, fulani alimzaa Chausiku, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama yake Nasra alikuwa amevaa kanga mpya. Alitazama chini muda wote, watu wakaona ni haya.

"Na mpangaji wa kitabu hiki ni mwanetu," mjomba alimalizia. "Tazameni mistari ilivyokaa. Mdogo wangu Twalibu angefurahi."

Wakampigia makofi. Nasra alihisi kila kofi mwilini.

Baada ya chakula walikuwa wapande wote mteremkoni kwa ajili ya kukabidhiana. Watu walikuwa bado wanakula alipofika Mama Abasi, mkungu wa ndizi kichwani, miguu ina udongo wa kondeni. Hakukaa turubaini, alijua mahali pa mgeni. Alitua mkungu kwenye baraza la mjomba, akamwamkia, kisha akaja moja kwa moja kwa Chausiku, akamshika mikono yote miwili.

"Hongera Mama Nasra. Nimefurahi umepata wewe, wallahi, si mtu mwingine. Pilipili imebaki kidogo, nikishaivuna nakupisha. Sikiliza, ule mfereji wa juu unapasuka kila masika, uuzibe mapema, usije ukasombewa udongo wote. Na ile midalasini mitatu ya kando usiikate mwaka huu, bado michanga. Mwakani."

"Nashukuru," Chausiku alisema.

Mama Abasi akamgeukia Nasra. "Na wewe mtoto umeandika kitabu kizima! Vimebaki? Mimi si wa humo, najua, lakini wanangu wamezaliwa hapa, na hawa ndio watu tuliokaa nao. Ningependa niwe nacho ndani."

"Vipo, Mama Abasi," Nasra alisema, akachukua kimoja mezani, akampa kwa mikono miwili.

"Basi niandikie jina langu hapa juu. Wale vijana wangu wakikiona watakigombania. Nataka kijulikane ni cha Shadya."

Nasra alichukua kalamu. Aliweka kitabu mezani, akafungua jalada, ukurasa wa ndani mtupu, mweupe. Aliandika Shadya. Hapo ndipo alipotakiwa kuinua mkono. Mkono haukuinuka. Uliendelea, wenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka ambao haukuhitaji mistari, na yeye akiutazama kama anatazama mkono wa mtu mwingine. Alipomaliza akafunga jalada na kurudisha kitabu.

Mama Abasi alikifungua. Alikuwa msomaji wa taratibu, wa kufuata kwa kidole, na husoma kwa sauti kama walivyofundishwa watu wengi wa umri wake.

"Shadya," alisoma akitabasamu, "wa Tatu. Wa Pili. Binti Maneno."

Kidole kikasimama. Tabasamu likabaki usoni kwa muda, halina kazi, kisha likaondoka.

"Nasra. Huyu ni bibi yangu. Pili binti Maneno ni bibi yangu mzaa mama, alifia mkongeni Kimamba, mimi mwenyewe sikuwahi kumwona. Umemjuaje?"

Aliuliza bila ubaya wowote, tena kwa sauti ya kawaida. Lakini mjomba Sufiani alikuwa jirani, mfupa mkononi, na aliuweka mfupa kwenye sahani.

"Binti Maneno nani?" aliuliza.

"Bibi yangu, mzee. Pili binti Maneno."

"Maneno wa wapi?"

"Mama alisema wa huku huku milimani, ndiyo maana tulirudi, ila hakupata mtu wa kumwuliza."

Mjomba alisimama. Alikuwa na miaka sabini na sita na alisimama kwa mara moja, bila kushika kiti.

"Bibi yetu Furaha," alisema polepole, "alikuwa akiimba akitwanga, anamwita dada yake arudi nyumbani. Sisi watoto tulidhani ni wimbo tu." Akamtazama Shadya kuanzia kichwani mpaka miguuni, akageuka kwa Nasra, na sauti yake ikapanda. "Haya umeyatoa wapi wewe? Kitabuni hayamo. Nimekisoma chote, hayamo! Nani kakuambia?"

Vijiko vilisimama. Watu waliokuwa nyuma waliinuka waone kuna nini, na macho yote, ya wajomba na mama wadogo na binamu asiowajua hata majina, yalikuwa usoni kwa Nasra. Alifungua mdomo. Alitaka kusema ni marehemu, aliniambia kabla hajafa, na angesadikiwa, hakuna ambaye angekwenda kaburini kuuliza. Neno halikutoka. Kalamu ikamdondoka.

"Mwacheni mtoto."

Chausiku alikuwa amesimama. Kanga mpya ilikuwa imemwanguka begani na hakuiokota.

"Twalibu aliyaandika," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma ayafute. Halafu nikamtuma na huyu. Kama mnataka kuuliza, mniulize mimi."

Mwanamke mmoja alishika mdomo kwa viganja viwili. Mjomba Sufiani alisema, "Chausiku?" kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kwake. Chausiku hakumwangalia. Alipita katikati ya sahani na mikeka mpaka mbele ya Shadya, aliyekuwa bado amekishika kitabu wazi. Mlima mzima ulijua kwamba Chausiku alimzidi Shadya miaka mitatu, na miaka yote ni Shadya aliyekuwa wa kwanza kumwamkia. Lakini Shadya alikuwa wa dada mkubwa. Chausiku alipiga magoti kwenye udongo, mbele ya ile miguu iliyotoka kondeni.

"Shikamoo dada," alisema.

Shadya hakuitikia.